Yamini ya Mtoto wa Miaka Tisa

Mimi ni Himid bin Ngwali bin Matano bin Ishak. Mzee Ishak ndiye aliyefyeka bonde letu, huku kusini ya Pemba, akapanda mikarafuu ya mwanzo kwa mikono yake. Matano, mwanawe, aliadhini msikitini kwetu miaka arubaini, na alfajiri aliyoikosa ni moja tu, ile ya siku aliyozikwa. Ngwali, baba yangu, alikuwa msuluhishi wa mji: watu waligombania mipaka ya mashamba wakaja barazani kwake asubuhi, na adhuhuri wakala sahani moja. Mimi mwenyewe nilisomesha skuli miaka thelathini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na wapo leo makadhi na madaktari ambao migongo yao inaijua bakora yangu. Katika ukoo huu hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yetu, na kwa kuilinda fahari hiyo nilikaribia kumuua mjukuu wangu.

Mjukuu huyo ni Suhaib, mtoto wa mwanangu Soud. Ana umri wa miaka ishirini na moja na anasoma chuo kimoja cha Tibirinzi, mjini Chake Chake. Mwezi wa Januari mkuu wa chuo alinipigia simu, akanieleza jambo ambalo baadaye nililithibitisha kwa vijana walioliona kwa macho yao.

Walikuwa watano dakhalia, bwenini mwao, Suhaib akiwemo, wamekaa chini wakila ubwabwa na samaki wa kukaanga. Mmoja wao, Hudhaifa, kijana mcheshi aliyekuwa akikaribia kuoa, alikuwa akiwafurahisha wenzake.

"Yakhe, mke hutiwa adabu siku ya mwanzo. Kofi moja tu, kisha atakupikia mpaka uzeeke."

"Na akikurudishia?" mwenzake alimuuliza.

"Anirudishie mie? Na mchi umo jikoni?"

Wakacheka. Suhaib hakucheka. Aliinuka, akanawa mkono, akakifuta kiganja chake kwenye suruali, akanyanyua kiti cha chuma kilichokuwa mlangoni. Pigo la kwanza lilivunja taya. Hudhaifa alianguka na tonge mdomoni, na wali uliotoka ulikuwa mwekundu. Suhaib hakukoma. Alipiga mabega, akapiga mbavu, akaupiga na mkono ulioinuliwa kuomba salama. Watatu walimrukia, wa kwanza wao aling'olewa jino kwa kiwiko. Walipofanikiwa kumfunga kwa shuka, Suhaib alikuwa akitweta na kusema neno moja tu, "Basi. Basi. Basi," kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipigwa.

Jamaa zake Hudhaifa walikubali kutokwenda polisi kwa sharti moja, na chuo kikaliandika sharti hilo. Suhaib akae vikao sita na mshauri nasaha, na mshauri huyo athibitishe kwa saini yake kwamba kijana amesema yaliyomo moyoni mwake na kwamba yu salama kuishi na wenzake. Karatasi hiyo ikikosekana, anafukuzwa chuo, na shauri linakwenda polisi.

Nilifurahi niliposikia. Nilidhani nasaha ni ile tuliyokuwa tukiitoa sisi: kijana husimamishwa, huelezwa makosa yake, huitikia, akaenda zake. Baada ya kikao cha tano niliitwa chuoni.

Ofisi ya mshauri ilikuwa na viti viwili vilivyoelekeana. Nilitafuta meza ya kututenga, sikuiona.

"Shikamoo, Mzee Himid."

"Marahaba. Wewe ndiye Bi Shamima?"

"Ndiye mimi."

"Umri wako haujafika thelathini."

"Haujafika, Mzee. Karibu kitako."

Nilikaa. Hakuzunguka maneno, na hilo nililipenda.

"Mjukuu wako hasemi. Huja kwa wakati, hutoa salamu, hukaa hapo ulipokaa wewe, akaitazama mikono yake mpaka saa ikamalizika. Kikao cha nne nilimwambia, sikulazimishi, lakini niambie kinachokuzuia. Akanijibu, 'Nimekula yamini.' Hakuongeza neno. Mzee, unaijua yamini hiyo?"

Nilikuwa nikiijua kama ninavyoijua Fatiha.

"Siijui," nilisema.

"Anajiuma. Mikono yote miwili, hapa juu, panapofunikwa na shati. Pana majeraha mabichi juu ya makovu ya zamani. Ameniruhusu nikwambie hili tu. Mtu aliyezibwa hivi, kishindo chake humwangukia mwenziwe, na humwangukia nafsi yake. Kwa mwenziwe tumeshakiona."

"Binti yangu, wewe umesoma vitabu. Mimi nimelea watoto wa watu, mamia kwa mamia."

"Na huyu mmoja, Mzee?"

"Huyu mmoja ni wangu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Niliinuka. Sikuwa nimezoea kuulizwa mara mbili. Nilimchukua Suhaib nikarudi naye nyumbani kwa siku tatu zilizobaki kabla ya kikao cha sita.

Sasa niieleze yamini yenyewe.

Miaka kumi na miwili nyuma, mwanangu Soud alimpiga mkewe Asya kwa mchi wa kinu. Sababu aliyoitoa ilikuwa chumvi ya mchuzi. Pigo moja lilivunja mkono wa kulia, na jengine likampata juu ya sikio la kushoto. Nilisikia mlio huo nikiwa uani kwangu nikadhani ni nazi inayopasuliwa. Nilipoingia, damu ilikuwa imefika kizingitini. Suhaib, ambaye siku hiyo alikuwa na miaka tisa, alikuwa ametoka uvunguni mwa kitanda, amekaa kitako, amekipakata kichwa cha mama yake, na baba yake amesimama juu yao, mchi ungali mkononi.

"Weka chini," nilimwambia Soud. Akauweka. Kila siku aliniogopa mimi, na hakumwogopa mtu mwengine.

Soud alikuwa na barua ya kazi ya Muscat. Safari ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikapima kwa haraka, kama nilivyozoea kupima mambo ya skuli. Asya, akili yake ikizunguka, nilimwambia, "Umeteleza kisimani," akaitikia. Lakini nilijua kwamba daktari atamwuliza mtoto. Nilimpeleka Suhaib mtungini, nikamtia udhu, nikauchukua mkono wake, ambao kucha zake zilikuwa bado na damu ya mama yake, nikauweka juu ya Msahafu.

"Sema: Wallahi sitolitoa jambo hili nje ya nyumba hii."

Akasema. Kisha akaniuliza, "Na nikilitoa, babu?"

"Ukilitoa, Mwenyezi Mungu atamchukua mama yako."

Hospitali daktari aliinama akamwuliza. "Kateleza kisimani," Suhaib alijibu, wala hakupepesa macho. Soud alisafiri, na huko yupo mpaka leo. Asya alibaki nyumbani kwangu, mkono umepinda, sikio limekufa. Hakimu hakutuona.

Yeyote aliyekaa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu wa kweli anajua kwamba mtoto asiyebaleghe hana yamini. Akila, haimfungi. Nililijua hilo siku ile, na nililijua kila siku iliyofuata, nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kwake kulikuwa na faida kwangu.

Jioni ya Jumamosi, Suhaib alikuwa akinimiminia maji ya udhu.

"Babu."

"Naam."

"Ile yamini yangu, bado ipo?"

Maji yaliendelea kutiririka juu ya mkono wangu. Neno moja lingetosha. Nikamwona baba yangu barazani kwake. Nikawaona watu wa mji wakigeuza nyuso zao nikipita.

"Ipo," nilisema.

"Hata kwa Bi Shamima?"

"Bi Shamima ni nje ya nyumba hii."

"Kikao cha mwisho ni Jumatatu, babu. Nisiposema nafukuzwa, na polisi inaningoja."

"Tafuta jengine la kusema. Vijana mna mambo mengi."

"Haya." Akaliweka kopo chini, akauchukua mkono wangu uliolowa, akaubusu. Alikuwa hajafanya hivyo tangu utoto. Nilidhani ni adabu.

Kesho yake, alasiri, palikuwa na mchezo wa ng'ombe kiwanjani kwetu. Asiyeujua na aujue: fahali hufungwa kamba ndefu, wanaume kadhaa wakaishika, na vijana mmoja mmoja humwingilia na kitambaa, wakamchokoza na kumkwepa, huku zumari ikimtia wazimu na wanawake wakiimba. Fahali wa siku hiyo alikuwa wa Mmanga, mfugaji wa mji wetu; mweusi, shingo kama gogo la mnazi. Alikuwa ameshamchana kijana mmoja kiganja, na watu walikuwa wamechangamka kwa damu ile.

"Mmanga, ng'ombe wako kala majani au kala pilipili?"

"Ingia umuulize!"

"Mie nna watoto!"

"Basi mpeleke mama mkweo!"

Kicheko kilikuwa hakijesha nilipomwona Suhaib akivuka ua wa miti. Hakuwa na kitambaa. Alikwenda mpaka katikati ya kiwanja, akasimama, mikono imening'inia.

"Msomi, kitambaa kiko wapi?" mtu alipaza sauti.

"Anataka kumsomesha!"

Wakacheka tena. Fahali alimtazama, akainamisha kichwa, akaja. Kila mchezaji huruka. Suhaib hakuruka. Pembe ilimwingia juu ya paja ikamnyanyua mzima mzima, akazungushwa hewani kama nguo inayokung'utwa, akatupwa kwa mgongo. Nilisikia pumzi ikimtoka. Kamba iliwachomoka washikaji ikawachuna ngozi za viganja. Mmanga alikokotwa kwa kifua hatua kumi kabla hajaachia. Wachezaji wawili waliruka na vitambaa vyao. Mmoja, Masoud, alipigwa ubavuni, nikaona mbavu zikibonyea ndani ya fulana.

Suhaib aliinuka. Damu ilikuwa ikimchuruzika mpaka kwenye vidole vya mguu. Angeweza kutambaa mpaka uani, hapakuwa mbali. Badala yake aligeuka, akamwelekea fahali, akafungua mikono yake miwili.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuja kucheza.

Asya alinipita akikimbia, mkono wake uliopinda umeubana kifuani. Watu walipiga kelele, "Rudi! Kushotoni! Kushotoni kwako!" na kushoto ndiko liliko sikio lililokufa. Alifika akamkumbatia mwanawe. Suhaib akawa anamsukuma, anamsukuma kwa nguvu, na nilimsikia kwa sababu nami nilikuwa nimeshaingia kiwanjani.

"Ondoka, mama! Nikifa mie, wewe utasalimika! Ondoka!"

Nina miaka sabini na nane. Nilikuwa na bakora yangu ya skuli, ile ile. Nilimpiga fahali juu ya pua kwa nguvu zangu zote, ikakatika vipande viwili kama kijiti cha kiberiti. Fahali alirudi nyuma kidogo, akaparura ardhi. Suhaib alikuwa bado amesimama, mikono wazi, mama yake ameangukia miguuni pake. Niliona kwamba hataondoka. Hapakuwa na nguvu ya kumwondoa ila moja, na nguvu hiyo nilikuwa nayo mimi, na mji mzima ulikuwa ukitazama.

"Yamini haipo!" nilipiga ukelele. "Haikuwapo hata siku moja! Ulikuwa na miaka tisa, mtoto hana yamini, na mimi nilijua! Mama yako hakuteleza kisimani! Soud alimpiga kwa mchi, na mimi ndiye niliyeficha! Jana nilikuongopea! Sema utakalo, mama yako hafi! Sema!"

Zumari ilikatika. Nilimwona Suhaib akinitazama kwa uso wa mtoto wa miaka tisa. Fahali akaja, na safari hii mjukuu wangu aliruka: alimkamata mama yake kiunoni wakaanguka pamoja nje ya njia ya pembe. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama nyuma yao. Pembe ilinipata nyonga. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio ule ule wa nazi. Kabla fahali hajanirudia, wanaume walikuwa wameshaizungusha kamba kwenye mnazi, wakamvuta mpaka akapiga magoti.

Hospitali tulilazwa chumba kimoja, mimi na Suhaib, vitanda vinavyotazamana. Alishonwa nje na ndani, akaongezwa damu. Jumatatu asubuhi Bi Shamima alikuja na daftari lake. Alimjulia hali Suhaib, kisha akaja kwangu.

"Mzee, leo ni kikao cha sita. Naomba wauguzi wakutoe nje."

"Mimi nayajua yote atakayoyasema."

"Unayajua yako, Mzee. Haya ni yake."

Nimewatoa watu wengi nje ya ofisi yangu maishani mwangu. Siku hiyo nilisukumwa juu ya kitanda cha magurudumu mpaka ukumbini, mlango ukafungwa. Sikuyasikia maneno. Nilisikia sauti tu, ya mjukuu wangu, ikienda bila ya kukatika, ikipanda, ikivunjika, ikianza tena. Ilipigwa adhana ya adhuhuri ikamkuta bado anasema. Alikuwa ameyabeba yote hayo akila mezani kwangu, na mimi nilikuwa nikimsifu kwa utulivu wake.

Asya alikaa nami ukumbini. Baada ya muda mrefu aligusa sikio lake lililokufa, akasema, "Miaka kumi na miwili, baba. Kila mtu akinong'ona upande huu, nilidhani labda siku hiyo wewe unasema kweli, basi tu sisikii."

Nilimwomba radhi kwa mara ya mwanzo. Alisema atafikiri, na nina hakika bado anafikiri.

Mji umesema, na utasema. Soud alinipigia simu kutoka Muscat akiwa amehamaki: "Umeniaibisha mbele ya watu, baba!" Nilimwambia kwamba mkono uliomfunza kupiga ni wangu, na kwamba akirudi Pemba tutakwenda mimi na yeye kwa hakimu, miguu yetu wenyewe. Tangu hapo hajapiga simu tena. Hudhaifa anakula uji kwa mrija; Suhaib alikwenda kwake kwa magongo akamwomba msamaha, na kijana yule, taya limefungwa waya, alimwandikia kwenye karatasi: "Bado nakuogopa." Suhaib anayo karatasi hiyo. Bi Shamima aliandika kwamba kijana amesema. La kwamba yu salama hakuliandika. Alimwambia uso kwa uso kwamba bado, na chuo kikaongeza vikao kumi na viwili, huku polisi ikisubiri mwisho wake. Anakwenda kila Jumatatu. Baadhi ya siku anarudi amevimba macho na hataki kuonana na mtu, nami simwulizi.

Nami, mwana wa Ngwali, ninayetembea sasa kwa fimbo ambayo haikukusudiwa kumpiga mtu, nawaambieni nyinyi mlioko vyuoni, na sitoi ombi. Mzee yeyote aliyeufunga mdomo wako ulipokuwa mdogo, awe baba, awe babu, awe mwalimu mwenye jina kubwa kuliko langu, hana haki juu ya mdomo huo leo. Mlango wa mshauri upo chuoni kwenu. Nendeni mkagonge, mkae katika kiti kile kisichokuwa na meza mbele yake, mseme jambo lenyewe kwa jina lake, kabla hamjanyanyua kiti cha chuma juu ya mwenzenu na kabla hamjasimama mbele ya pembe. Mmenisikia. Itikieni!